Macho Hayana Pazia

Msomaji, katika vitu vyote vya mbinguni hakuna kinachojulikana kuliko jua, wala hakuna kinachotazamwa kwa uchache kuliko jua. Hutuamsha asubuhi, hukausha nguo na nafaka zetu, na hutuhesabia saa; maana Kiswahili chaanza kuhesabu saa za mchana linapochomoza. Lakini mwulize mtu yeyote jua lina sura gani, naye atakujibu kwa habari za joto lake na mwanga wake, si kwa habari za uso wake. Twaishi miaka yetu yote chini ya jirani ambaye hatujapata kumtazama usoni.

Wahenga walisema kwamba macho hayana pazia. Aghalabu methali hii hutumika kumtetea mtu aliyeona kisichomhusu, kwa kuwa jicho lililo wazi huona kila kipitacho mbele yake. Mimi naitumia hapa kwa maana iliyo karibu zaidi na mwili. Jicho lina kope za kufumba, na lina mboni ipunguayo penye mwanga mwingi, lakini halina pazia la kutosha mbele ya jua. Atakaye kulitazama hana budi kutundika pazia kwa mkono wake mwenyewe, na kulitundika mahali panapostahili. Pazia hilo huitwa kichujio, na habari yake na ya mahali pake ndiyo nitakayo kukueleza.

Kwanza tuijue hatari. Uso wa jua una joto la nyuzi 5,500 hivi za Selsiasi. Liko mbali nasi kilomita milioni 150, hata nuru yake hutumia dakika 8 na sekunde 20 kutufikia. Umbali huo ndio salama ya dunia, lakini si salama ya jicho. Bila shaka umepata kumwona mtoto akikusanya mwanga wa jua kwa kioo cha kukuzia na kuunguza jani kavu. Ndani ya kila jicho imo lenzi ifanyayo kazi ile ile, na nyuma yake umetandazwa utando mwembamba uitwao retina, ambao hupokea picha ya kila tunachokiona. Mtu akilikazia jua macho, lenzi ni yake na jani ni retina yake.

Ukubwa wa hatari hii umo katika ukimya wake. Kidole kikigusa sufuria ya moto hurudi kabla akili haijaamua, kwa sababu maumivu ni mjumbe mwepesi. Retina haina mjumbe huyo. Yaweza kuungua na mwenyewe asisikie lolote. Atakwenda zake akicheka, na baada ya saa kadhaa, au hata kesho yake asubuhi, ataona doa la giza katikati ya kila anachokitazama: katikati ya ukurasa, katikati ya uso wa mama yake. Wengine hupona kidogo kidogo kwa muda wa miezi, na wengine hubaki na doa lile maisha yao yote. Penye maumivu mwili hujilinda wenyewe. Pasipo maumivu, ni akili peke yake inayoweza kuulinda.

Sasa iongeze darubini. Darubini ndogo ya mwanafunzi, yenye kioo cha mbele chenye upana wa milimita 80, hukusanya nuru mara 1,600 kuliko mboni ya mchana yenye upana wa milimita 2. Nuru hiyo yote huelekezwa kwenye kitundu kimoja cha kutazamia. Anayeweka jicho hapo bila kinga, darubini ikiwa imelielekea jua, hapati nafasi ya kujuta. Muda mfupi usiotosha kutamka jina lake watosha kumharibia jicho. Ndiyo maana wenye elimu ya nyota hulirudia onyo hili moja kwa kila mgeni, wala hawaoni haya kulirudia.

Yamkini utauliza watu wa kale waliliangaliaje jua. Mwanachuoni Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufa karibu mwaka 1040, aliandika juu ya umbo la jua lililopatwa kama lionekanavyo nuru yake ikipita katika tundu dogo na kuangukia mahali penye kivuli. Galileo Galilei alipochora madoa ya jua siku baada ya siku katika mwaka 1612, alifuata njia aliyoibuni mwanafunzi wake Benedetto Castelli, ya kuiacha darubini itupe sura ya jua juu ya karatasi, na macho yatazame karatasi. Watu wengi husimulia kwamba Galileo alipofuka kwa kulitazama jua. Habari hiyo haina msingi. Upofu wake ulikuja mwaka 1638, miaka 26 baada ya michoro ile, akiwa mzee, na madaktari huuhusisha na maradhi kama mtoto wa jicho na presha ya macho. Mtu yule aliyaona mengi ya jua kwa sababu alijua namna ya kutolitazama.

Kichujio cha siku zetu ni kipande cha kioo, au karatasi nyororo ya plastiki, kilichopakwa madini kwa utando mwembamba sana. Kazi yake ni kulirudisha jua lilikotoka. Katika kila sehemu 100,000 za nuru inayokiangukia, huruhusu sehemu moja tu kupita. Tena hakizuii nuru ionekanayo peke yake. Huzuia pia miali ya urujuanimno na ya infraredi, ambayo jicho haliioni lakini hudhurika nayo. Ukikishika mkononi chumbani na kukitazama kama kioo cha dirisha, hukuona taa wala mlango wala sura ya mwenzako. Kiinue kulielekea jua, nalo hutokea kama sarafu iliyotulia.

Mahali pake ni mbele ya darubini, penye mdomo ule mpana unaoingiza nuru. Neno hili ni kubwa kuliko yote niliyoyasema. Hapa Kitisuru, upande wa magharibi wa mji wa Nairobi, ninapokaa, nyumba nyingi zina lango, na penye lango huketi askari. Sijaona mwenye nyumba aliyemwacha mwizi apite langoni, avuke bustani, apande ngazi, kisha akamweka askari mlangoni pa chumba cha mtoto. Lakini ndivyo walivyofanya watengenezaji wa darubini ndogo za zamani, walioziuza pamoja na kijioo cheusi cha kufungia penye kitundu cha kutazamia. Kijioo hicho hukutana na nuru ikiwa imekwisha kusanywa na kuwa moto. Hupata joto kali, na huweza kupasuka ghafla, na nyuma ya kijioo hicho ndipo lilipo jicho la mtazamaji. Ukikikuta katika sanduku la darubini kuukuu, usimpe mtu mwingine, kivunje ukitupe. Kichujio cha mbele huizuia nuru ingali dhaifu, na darubini yenyewe hubaki baridi.

Kwa kuwa kazi hii ni ya taratibu, nitakusimulia taratibu ninayoifuata mimi katika kiwanja changu, nawe waweza kuishika. Kabla ya yote nakichukua kichujio na kukiinua mbele ya taa kali, nikitafuta vitundu na mikwaruzo. Kitundu kimoja tu kikionekana, siku hiyo hakuna kutazama. Kisha nakivika kwenye mdomo wa darubini ingali imelielekea ukuta, na kukifunga kwa utepe wa gundi pande tatu, maana upepo wa vilima vya Kitisuru haupigi hodi. Baada ya hayo nafunika ile darubini ndogo ya kulengea iliyo ubavuni. Wengi huisahau, nayo ni jicho la pili lisilo na pazia, tena iko sawasawa na kimo cha mtoto mdadisi.

Hapo huja swali: utalengaje jua bila kulitazama? Kivuli ndicho mwalimu. Naigeuza darubini polepole nikikitazama kivuli chake chini ardhini, hata bomba lake refu liwe na kivuli kifupi cha mviringo. Kivuli kikifupika kiasi cha mwisho, darubini imekwisha lielekea jua. Nairobi iko nyuzi moja na kidogo tu kusini ya Ikweta, kwa hiyo siku mbili tatu kabla ya tarehe 20 Machi, na tena siku mbili tatu baada ya tarehe 23 Septemba, jua hupita juu kabisa ya utosi. Adhuhuri ya siku hizo darubini husimama wima kama mlingoti, na kivuli chake hulala chini ya miguu yake. Na jambo la mwisho ni hili: maadamu darubini iko nje, siiachi peke yake, hata kwa kwenda kunywa maji.

Je, taabu hii ina malipo gani? Jumapili moja ya mwezi wa Februari mwaka 2024, wakati jua lilipokuwa karibu na kilele cha mzunguko wake wa miaka 11 hivi wa kuongezeka na kupungua kwa madoa, nilikuwa nimeiweka darubini kiwanjani. Askari wa lango la jirani alikuwa akinitazama kupitia ua. Ni mtu wa Taita, aliyepita miaka hamsini, mpole wa maneno. Nikamwita aje aone. Akaja hata katikati ya majani akasimama, akasema, "Mwalimu, mimi jua naliogopa tangu utoto." Nikamwuliza sababu. Akanieleza kwamba tarehe 16 Februari 1980, jua lilipopatwa na kufunikwa lote katika sehemu za kusini-mashariki mwa Kenya, yeye alikuwa mtoto wa shule. Mama yake aliwaingiza wote nyumbani, akaziba dirisha kwa blanketi, akaketi mlangoni mpaka mchana uliporudi. Walisikia jogoo wakiwika na ng'ombe wakilia, lakini hawakuona kitu.

Sikumlaumu mama yule, wala wewe usimlaumu. Hakuwa na kichujio. Alikuwa na blanketi, akalitumia. Aliwaokoa wanawe macho yao kwa pazia pekee alilokuwa nalo. Lakini pazia lile liliziba hatari pamoja na ajabu yake, na mwanawe aliishi miaka 44 akiidai siku ile.

Nilimwonyesha kichujio, nikakivua kwanza darubini ikiwa imegeuzwa pembeni, nikampa akitazame mwenyewe, akione hakina kitundu. Nilimweleza kila kitu nilichokwisha kukueleza wewe. Halafu akainama, akaweka jicho. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe lina madoa, kama papai lililoiva." Naye alisema kweli, kwani kichujio changu hulipa jua rangi ya papai, na madoa yalikuwa yamejikusanya upande mmoja, meusi katikati na hudhurungi pembeni. Nikamwambia kwamba jua lina upana wa dunia 109 zikipangwa mstari mmoja, kwa hiyo doa analoliona dogo kama mbegu huweza kuimeza dunia nzima. Nikamwambia pia kwamba madoa yale si meusi kweli. Ni sehemu za uso wa jua zilizopoa kwa nguvu za sumaku hata kufikia nyuzi 4,000 hivi au chini yake, zikaonekana nyeusi kwa kuwa jirani zake ni moto zaidi. Akaniuliza kama kesho yatakuwapo. Nikamjibu yatakuwapo, lakini yatakuwa yamesogea, maana jua hujizungusha, na kwa sisi tulio duniani mzunguko mmoja huchukua siku 27 hivi. Siku iliyofuata, saa ya mapumziko yake, alikuja mwenyewe bila kuitwa, akahakikisha.

Msomaji, mapazia ya uongo ni mengi, na lazima nikuhadharishe nayo. Liko karai la maji. Desturi ya kutazama jua lililopatwa katika karai imeenea sana Afrika ya Mashariki, na wengi huiona salama kwa kuwa hawakuinua uso. Tufanye hesabu. Maji yaliyotulia hurudisha kiasi cha sehemu 2 katika kila 100 za nuru inayoyaangukia kutoka juu, na zaidi ya hapo jua likiwa limeinama. Kichujio chapitisha sehemu 1 katika 100,000. Kwa hiyo jua la karai ni kali mara 2,000 kuliko jua la kichujio. Maji yamepunguza mng'ao, hayakuondoa hatari. Iko miwani ya jua, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya barabara na ufuo, si kwa jua lenyewe. Iko picha ya eksirei, iko filamu ya zamani ya kamera, kiko kioo kilichofukizwa moshi wa mshumaa, na iko sahani ya muziki yenye kung'aa. Vyote hivi huweza kuipunguza nuru ionekanayo na kuiacha miali isiyoonekana ipite. Ndipo mboni, ikidanganywa na giza hilo, hupanuka na kuufungulia adui mlango.

Tena kiko kioo cha fundi. Ukivuka Barabara ya Waiyaki kuelekea Kangemi utawakuta mafundi wa kuchomelea vyuma, ambao katika Kenya huitwa mafundi wa jua kali, kwa kuwa wengi wao hufanya kazi mahali pasipo paa. Kioo cheusi cha kuchomelea huwa na namba. Kile cha namba 14 chafaa kwa jicho tupu, lakini vile vya namba 10 na 11, vinavyoonekana sana katika karakana, havitoshi. Na hata hicho cha 14 si cha kutumia na darubini. Hali kadhalika ile miwani ya karatasi ya kutazamia kupatwa kwa jua, ambayo ikiwa halali hutengenezwa kwa kipimo cha kimataifa cha ISO 12312-2, ni ya jicho tupu peke yake. Mtu akiivaa kisha akainamia darubini isiyo na kichujio cha mbele, moto uliokusanywa utaitoboa na kupita.

Iwapo huna kichujio wala fedha za kukinunua, usidhani umefungiwa mlango. Toboa karatasi ngumu kwa pini, simama ukilipa jua mgongo, na uiache nuru ipite kwenye tundu na kuangukia karatasi nyeupe iliyo mbali mita 2. Utapata sura ya jua yenye upana wa milimita 18 hivi. Hata miti hufanya kazi hii. Ijumaa, tarehe 15 Januari 2010, mwezi ulipita mbele ya jua juu ya Nairobi, na karibu saa mbili u nusu ya asubuhi jua likabaki pete ya moto kwa muda unaokaribia dakika saba. Katika kupatwa kwa namna hiyo, kila kitundu kilicho kati ya majani huchora pete yake chini ya mti, na mtu huweza kuhesabu pete mia bila kuinua kichwa. Jua likibaki pete, kichujio hakivuliwi hata nukta moja. Ni pale tu linapofunikwa lote, kama lilivyofunikwa Taita mwaka 1980, ndipo mtu aliye ndani ya kivuli chenyewe huweza kutazama bila kinga, na hapo pia ni mpaka nuru ya kwanza itokeze tena.

Siku nyingine zitakuja. Tarehe 2 Agosti 2027 kivuli cha mwezi kitapita Misri, Arabuni na pembe ya Somalia, nasi wa Kenya tutaona jua limemegwa sehemu yake, mawingu ya Agosti yakitupa nafasi. Tarehe 21 Mei 2031 pete itaonekana katika sehemu za Tanzania, kama ilivyoonekana huko Rujewa, mkoani Mbeya, tarehe 1 Septemba 2016. Siku hizo zitakapofika, kutakuwa na watu watakaojifungia ndani, na kutakuwa na watu watakaojitia ushujaa wa kukodoa macho matupu. Wa kwanza wataokoa macho na kupoteza tukio; wa pili wataona tukio na kupoteza macho. Shule yenye kichujio kimoja na mwalimu mmoja mwangalifu huweza kuwapitisha wanafunzi mia mbili kwenye darubini moja asubuhi moja, wote wakaona, na wote wakarudi darasani wakiweza kusoma ubao.

Wala usingoje kupatwa. Jua huonekana kila siku isiyo na mawingu, na madoa yake hubadilika kama habari za gazeti. Chukua daftari, chora duara, tia alama ya kila doa na tarehe yake, fanya hivyo mwezi mzima, nawe utakuwa umeyaona kwa macho yako mambo ambayo wengi huyasoma tu vitabuni. Lakini kila siku, hata siku ya mia, kikague kichujio kabla hujakivika, na ukivike mbele. Kuzoea jua hakulipunguzi ukali. Methali ile haikusema kwamba macho hayastahili pazia, ilisema hayana. Mwenye kuyatundikia pazia ni wewe.